Usiache Githeri kwa Baga Ipitayo

Siku hizi katika miji yetu, mzazi akitaka kumpongeza mtoto aliyefaulu mtihani humpeleka kula baga. Tena si baga hivi hivi, bali ile iliyosheheni: nyama ya ng'ombe ya kusaga, jibini iliyoyeyuka, na juu yake vipande vya bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Kando yake huwekwa chipsi na soda. Kesho yake mtoto huyo huyo akiandaliwa githeri, hununa.

Mimi sina ugomvi na nyama. Na wale ambao dini yao imewakataza nguruwe, hao wamekwisha kupata jibu lao. Linalonikera ni kuona chakula hiki kikipewa hadhi ya maendeleo, na chakula cha nyumbani kikibandikwa jina la umaskini.

Hebu tuitazame baga yenyewe bila chuki. Ina protini, ina madini ya chuma, na jibini yake ina kalsiamu. Lakini mafuta ya wanyama yanatoka pande tatu: kwenye nyama, kwenye jibini na kwenye bekoni. Mafuta hayo yakiliwa kwa wingi huzidisha kolesteroli katika damu, nayo hujikusanya kwenye kuta za mishipa mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Isitoshe, kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Baga moja ya aina hii aghalabu huwa na gramu 2 au 3, kabla hata chipsi hazijanyunyiziwa. Katika nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, hilo si jambo la mzaha.

Bekoni ina kesi yake pekee. Mwezi wa Oktoba 2015, wataalamu wa saratani wa shirika hilo walitangaza kwamba nyama zilizosindikwa kwa chumvi, dawa au moshi husababisha saratani ya utumbo mpana. Kila gramu 50 zinazoliwa siku kwa siku huongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 18. Msomaji asinielewe vibaya: hii haina maana kwamba watu 18 katika kila 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari ambayo mtu alikuwa nayo tangu awali huongezeka kwa kadiri hiyo, na kadiri anavyozoea ndivyo inavyopanda. Na anayekula smoki na kachumbari kwenye mkokoteni asiwacheke wenzake wa hotelini. Smoki na soseji zimo katika kundi hilo hilo.

Sasa nieleze kinachonishangaza zaidi. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alifika Uganda mwaka 1946 na kutumikia Hospitali ya Mulago. Waliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyowasumbua watu wa Ulaya yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa huku, na sababu wakaitafuta katika chakula: nafaka isiyokobolewa, maharagwe, ndizi na mboga, vyote vyenye nyuzinyuzi tele. Mwaka 1975 walitoa kitabu pamoja juu ya mambo hayo. Wataalamu waliofuata waliyapima maoni yao na kuyarekebisha hapa na pale, lakini shauri la kula nyuzinyuzi limesimama hadi leo.

Basi tazama kinyume hiki, ndugu msomaji. Wageni walikuja wakajifunza afya kutoka kwenye vyungu vya bibi zetu, wakaenda kuifundisha dunia. Nasi tunavifunika vyungu hivyo kwa aibu, tukapange foleni kununua mlo ambao madaktari wa huko ulikotoka wanawasihi watu wao waupunguze.

Sisemi baga ipigwe marufuku. Mtu akila mara moja moja katika sherehe, hakuna neno. Ila isiwe chakula cha kila wiki, wala isiwe zawadi inayomfundisha mtoto kudharau kwao. Wenye hoteli nao wapike githeri, mukimo na mboga za kienyeji kwa ustadi, waziandae kwenye sahani nzuri zinazomstahili mgeni wa heshima. Na siku mtoto atakapofaulu tena, mzazi amchinjie kuku wa kienyeji, amsongee ugali wa wimbi, majirani waitwe. Mtoto atashiba, na atajua kwamba furaha yake imeadhimishwa kwa chakula cha kwao.