Kabla ya Julai 2038: barua kwa watu wa Kitui na Makueni

Kwenu akina umau na akina susu, wazazi, ndugu na wajukuu,

Nawaandikia kutoka Atlanta, Marekani.

Tarehe 20 Oktoba 2025, sisi tulio mbali tuliutazama uwanja wa Ithookwe kwenye simu zetu. Siku ya Mashujaa ilikuwa imekuja Kitui, na Raila Odinga alikuwa amezikwa Bondo jana yake tu. Rais akamtunuku nishani ya Moyo wa Dhahabu, ya daraja la juu kabisa. Mtu aliyewekwa kizuizini miaka ya themanini alipewa heshima ya dola, tena katika ardhi yetu. Nilifurahi kwa dhati. Ila tangu siku hiyo kuna jina moja halinitoki moyoni: Samuel Muindi Mbingu.

Wengi wenu mmelipita jina hilo jijini Nairobi, pale Soko la City na bustani ya Jeevanjee. Mkishuka kwenye matatu mnaulizia barabara ya Muindi Mbingu, na mnaelekezwa. Muulizeni kijana anayewaelekeza Muindi alikuwa nani.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana mifugo mingi kuliko ardhi waliyoachiwa. Ardhi ilikuwa imepunguzwa na serikali hiyohiyo. Malisho mazuri yalikuwa mikononi mwa walowezi. Hapo Athi River, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama kilichohitaji ng'ombe wa bei ya chini. Basi ng'ombe wa watu wakaswagwa kwa nguvu hadi mnadani. Mahari, karo, akiba ya siku za ukame, vyote vikaondoka kwa bei aliyoipanga mnunuzi.

Mwishoni mwa Julai mwaka huo, zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi, walikwenda Nairobi kumtafuta Gavana Brooke-Popham. Alipokataa kuwaona, hawakurudi nyumbani. Hawakurusha jiwe wala kuvunja duka. Walipiga kambi wiki kadhaa wakisema hawaondoki mpaka wasikilizwe. Mwezi wa Agosti gavana ilimbidi aende mwenyewe Machakos, kwenye baraza. Muindi alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha amri ya kuuza mifugo kwa lazima iliondolewa. Serikali ilijua vizuri ni vijana wa kabila gani waliojaa katika jeshi na polisi wake.

Hapa ninapoishi ndipo alipozaliwa na kuzikwa Martin Luther King. Ususiaji wa mabasi wa Montgomery uliomtangaza ulianza Desemba 1955. Watu wetu walikuwa wameketi Nairobi, mikono mitupu, miaka 17 kabla ya hapo. Kila Januari, watoto wangu wakisimuliwa shuleni habari za King, nawasimulia na hiyo ya Muindi.

Lakini jambo ninalotaka mlisikie zaidi kuhusu King ni hili. Aliuawa Aprili 1968, na siku chache baadaye mbunge John Conyers akapeleka bungeni mswada wa kumwekea siku ya kitaifa. Ulikwama. Mjane wake, Coretta, hakunyamaza. Watu wakakusanya mamilioni ya sahihi, wakaandamana, wakarudi tena na tena. Rais Reagan alitia saini mwaka 1983, siku yenyewe ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1986, na majimbo yote 50 yalikuja kuikubali mwaka 2000. Watu wa kawaida ndio waliofanya kazi hiyo.

Mtaniambia Muindi ni wa Machakos. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992 tu. Mwaka 1938 wazee wa Mbooni na Kilungu walikuwa wilaya moja naye. Kitui ilikuwa wilaya nyingine, kweli, lakini nani Kitui asiyejua maana ya kunyang'anywa ng'ombe mwaka wa njaa?

Makueni, mnasifika nchi nzima kwa mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini. Lipelekeni jambo hili huko. Kitui, mmekwisha kuwa wenyeji wa Mashujaa. Mabunge yenu mawili ya kaunti yapitishe hoja ya pamoja: Muindi atambuliwe rasmi, na watambuliwe pia wale waliokwenda naye, ambao hawana barabara popote. Na Syotune wa Kathukye, mwanamke aliyewahimiza watu mwaka 1911 wakatae amri za mkoloni, asiachwe nje. Hilo nalishikilia sana, maana wanawake wetu husahaulika kwanza.

Julai 2038 itatimia miaka 100. Waliokuwa watoto kwenye msafara ule, kama wapo, wana miaka karibu tisini au zaidi. Kwa hiyo hoja ya bunge inaweza kusubiri kikao kijacho, lakini wajukuu wasisubiri: mwende kwa umau na susu wiki hii, muulize nani katika ukoo alikwenda Nairobi, alitoka kijiji gani, ng'ombe wake walichukuliwa wangapi, muandike na kurekodi sauti. Sisi wa huku tuko tayari kuchanga pesa za kuzichapa kumbukumbu hizo, kwa Kikamba na Kiswahili, zifike kila shule ya msingi katika kaunti zote mbili.

Wenu,
Mtoto wenu wa Atlanta