Tusitupe Kipimo cha Zamani

Mkulima anahitaji habari za mvua. Akipanda mapema mno, mbegu huungua kwa jua. Akichelewa, mahindi hayakomai. Kwa hiyo kupima mvua si jambo la wataalamu peke yao. Ni letu sote.

Siku hizi mvua hutazamwa pia kwa rada. Rada ni mtambo unaotupa mawimbi ya redio angani. Mawimbi yakigonga matone ya mvua, mengine hurudi. Mtambo hupima yamechukua muda gani, na yamerudi kwa nguvu gani. Hivyo hujua mvua iko wapi, na hukadiria ukubwa wake. Hapa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara na kwingineko.

Zamani kazi ya rada ilitaka macho ya mtu. Mwaka 1959 Marekani ilifunga rada mjini Miami, kisha nyingine za aina hiyo katika miji mingi. Mtu alikaa mbele ya kioo, akatazama madoa ya mvua, akayaandika, akatuma taarifa kila saa. Miaka ya 1990 zikaletwa rada mpya, karibu 160. Hizi hupima hata mwendo wa upepo ndani ya mvua. Tena kompyuta huandika yenyewe kila baada ya dakika chache.

Badiliko hilo halikufanywa kwa siku moja. Tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga kilichoitwa Andrew kilipiga jimbo la Florida. Kiling'oa rada ya zamani iliyokuwa juu ya paa, karibu na Miami. Lakini rada ya zamani ya mji wa Tampa na rada mpya ya mji wa Melbourne zote zilikuwa kazini. Kimbunga kikaendelea kuonekana. Rada ya mwisho ya aina ile ya zamani ilizimwa mwaka 1996.

Mimi nasema huo ndio mwendo mzuri. Mtambo mpya ukija, ule wa zamani usitupwe siku hiyo hiyo. Vyote viwili vipime pamoja kwanza.

Tuseme chama cha ushirika kimeleta mizani mpya ya pamba. Gunia lile lile lipimwe kwenye mizani zote mbili. Ya zamani ikisema kilo 60 na mpya ikisema kilo 58, tutajua tofauti ni kilo 2. Tusipofanya hivyo, mwakani kilo zikipungua tutabishana bure. Je, mavuno yamepungua, au mizani imebadilika?

Mvua ni vivyo hivyo. Hesabu zikishuka baada ya kuja mtambo mpya, tutalia ukame, kumbe ni kipimo tu. Au vibaya zaidi: ukame umeingia kweli, nasi tuseme ni kipimo tu. Njaa itatukuta hatuna akiba.

Tena rada ina mipaka yake. Dunia ni mviringo. Mawimbi yakienda mbali hupita juu sana, na mvua ya chini huikosa. Milima huyazuia. Ndege na wadudu nao huyarudisha kama mvua. Ndiyo maana kipimamvua, kile chombo kinachokinga maji ya mvua pale shuleni, bado kinahitajiwa. Hicho huonyesha maji yaliyofika chini hasa.

Wapo watakaosema mtambo haulali wala hausahau. Ni kweli, na tuupokee kwa furaha. Watasema pia kutunza vipimo viwili ni gharama. Ni kweli pia. Lakini kupanda kwa habari za uongo ni gharama kubwa zaidi, na anayeilipa ni mkulima.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, mtambo mpya ukifungwa, kipimo cha zamani kiendelee angalau mwaka mzima, vuli na masika zipite. Pili, madaftari ya zamani yatunzwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, mtu anayesoma kipimamvua kila siku saa 3 asubuhi asiachishwe kazi. Akichoka, sisi tupo. Sasa tunajua kusoma na kuandika. Kazi hiyo tunaiweza.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tujadiliane darasani
1. Nani anapima mvua katika kijiji chetu? Daftari lake liko wapi?
2. Kwa nini vipimo viwili vipime pamoja kwanza?
3. Ni kitu gani kingine kijijini kilibadilishwa haraka mno? Tulipata hasara gani?