Nyundo si Kipimo

Mafuriko ya Mto Rufiji ya mwaka 1968 yalibadili makazi ya watu wa bonde lile. Kwa Operesheni Rufiji, wakazi wengi walihamia vijiji vya mwinuko, Ikwiriri kikiwa kimojawapo, ilhali mashamba ya mpunga yalibaki bondeni. Ukazaliwa umbali kati ya nyumba na shamba, na baiskeli ni miongoni mwa vyombo vinavyoufupisha. Kwa hiyo shingo ya baiskeli, yaani pale bomba la uma wa mbele linapopita ndani ya fremu, si jambo dogo. Ikiachia, mpandaji huanguka pamoja na gunia lake.

Shingo hiyo huzunguka juu ya gololi zilizopangwa katika vikombe, juu na chini, na kubanwa kwa nati. Mchanga na maji vikiondoa grisi, gololi huchakaa na usukani hucheza. Fundi hununua vikombe vipya, na hapo ndipo kosa huweza kuanza. Mabomba mengi ya inchi 1 yana hesi 24 katika kila inchi. Raleigh za zamani za Nottingham, Uingereza, zina 26. Hatua ya hesi za kwanza ni milimita 1.06, na ya hizo nyingine 0.98. Jicho haliioni tofauti hiyo, lakini baada ya mizunguko 5 imefikia milimita 0.4. Nati huingia vizuri mwanzoni, kisha hugoma. Fundi hudhani ni kutu, hutafuta spana ndefu zaidi, na hesi za bomba husagika.

Shina la usukani nalo hushikwa ndani ya bomba kwa kabari inayovutwa na boliti. Kipenyo chake cha kawaida ni milimita 22.2, baiskeli nyingi za zamani za Ufaransa huhitaji 22.0. Anayetaka kufunga usukani wa mtindo mpya hutumia adapta, ambayo chini ina milimita 22.2 na juu 28.6. Tofauti ya milimita 0.2 haitibiwi kwa nyundo, wala pengo halizibwi kwa bati la kopo: kabari hushika kwa msuguano, na bati huteleza.

Wapo wanaomlaumu fundi. Lawama hiyo si ya haki, kwani fundi asiyepewa kipimo hutumia alichonacho. Wenye elimu ya kupima ni shule, ambako mwanafunzi husoma kipenyo cha gololi kwa kalipa ili ajibu mtihani, kisha hurudi nyumbani kwa baiskeli asiyowahi kuipima.

Itasemwa kwamba muhtasari ni mrefu na vifaa ni haba. Lakini kuhesabu hesi ndani ya inchi 1 kunahitaji rula tu. Kurekebisha shingo kunahitaji spana na subira: nati ya juu hulegezwa, kikombe chenye hesi hukazwa kidogo kidogo, kisha nati hufungwa. Breki ya mbele ikibanwa na baiskeli kusukumwa mbele na nyuma, pasisikike mgongano. Gurudumu la mbele likiinuliwa, usukani ugeuke bila kukwama.

Mwalimu wa fizikia aanze na baiskeli zilizoegeshwa nje ya darasa lake, na fundi wa jirani aalikwe kushika kalipa kwa mkono wake.