Buba haijali mipaka ya hifadhi

KUTOKA STEJI, na Salim Mwakio

Matatu za Karen zikishaondoka Adams Arcade na kupita uwanja wa mbio za farasi, msitu unaanza, na tumbili wako juu ya ua wakingoja. Watoto huwarushia ndizi, wazazi hupiga picha. Kwa kawaida safu hii hulalamikia foleni ya Ngong Road, ila leo nina neno na wazazi hao kuhusu ugonjwa wa buba.

Buba wazee wetu waliijua: vidonda vyenye majimaji, hasa kwa watoto, vinavyoambukizwa ngozi kwa ngozi, na visipotibiwa huweza kuharibu mifupa. Miaka ya 1920 Wakenya walizifuata wenyewe sindano za bismathi za serikali ya mkoloni. Mengine yake waliyakimbia, hilo walilipenda. Penisilini ikafuata. Kati ya 1952 na 1964 WHO na UNICEF walitibu takriban watu milioni 50 katika nchi 46, buba ikapungua mno, nasi tukaisahau. Sasa dozi moja ya vidonge vya azithromaisini inatosha, na WHO inataka kuitokomeza kufikia 2030.

Hesabu hiyo inadai kwamba bakteria wa buba hana makao ila mwilini mwa binadamu. Lakini huko Ziwa Manyara, Tanzania, nyani wana vidonda vibaya sehemu za siri, na watafiti akiwemo Sascha Knauf wamekuta ni bakteria yuleyule. Mwaka 2016 walipata chembe za DNA za jamii yake hata kwenye nzi wa hifadhi hiyo. Hakuna aliyethibitisha kwamba nyani wa Manyara amemwambukiza mtu. Ila zamani bakteria wa nyani wa Guinea walipandikizwa kwa binadamu, wakashika. (Leo kamati gani ya maadili ingeruhusu hilo?)

Asitokee mtu akachukua rungu. Tumbili hakuomba ndizi; acheni kumlisha, basi. Ninaowadai ni wataalamu. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, iko Mbagathi, Taasisi ya Utafiti wa Nyani iko Karen, na katikati ni safari fupi tu ya matatu. Daktari wa wanyamapori wa KWS akiona kidonda kwa nyani, muuguzi wa zahanati iliyo jirani aambiwe wiki hiyohiyo, na achunguze ngozi za watoto wanaochunga karibu na hifadhi.