Duka lako liko chumbani? Basi zimamoto wa kwanza ni wewe

Leo siongelei namna ya kupiga picha za bidhaa wala jinsi ya kumjibu mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo naongelea moto. Najua wengine mtataka kupita, mtasema hayo ni mambo ya viwanda na masoko makubwa. Naomba usipite. Kama mzigo wako unalala chumba kimoja na wewe, hii inakuhusu.

Mimi nauza mashuka, mitandio na madera hapa Mzumbe. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo na walimu. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikaanza na mashuka manne ya kukopa. Sina fremu. Duka langu ni simu, na stoo yangu ni chumba nilichopanga Changarawe: kitanda upande huu, marobota upande ule, katikati njia ya kupita mtu mmoja. Najua wengi wenu mnaishi hivyo hivyo.

Mwaka jana, Ijumaa moja jioni, nilitoka kupeleka oda getini kwa chuo. Nikaacha ekstensheni moja imebeba pasi, jiko la umeme na chaja mbili. Ekstensheni yenyewe nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni nyingine, na juu yake kuna mfuko wa mashuka. Umeme ulikuwa umekatika, nikasahau kuchomoa pasi. Umeme ukarudi mimi nikiwa getini nahesabu chenji.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza chapati, ndiye aliyeona moshi. Nilipofika nimekuta watu wamejaa uani. Vijana wawili wamevunja mlango, mmoja ana ndoo ya maji, na mama wa chapati anampigia kelele asimwage kwanza mpaka umeme uzimwe. Hakuna aliyejua meni swichi ya nyumba iko wapi. Mimi mwenyewe mpangaji wa miaka miwili sikujua. Ilikuwa nyuma ya kabati la mpangaji mwingine.

Nikauliza, "Zimamoto mmewapigia?" Mmoja akasema alidhani mwenzake amepiga. Mwingine amepiga 112, ambayo ni ya polisi. Watu zaidi ya ishirini, karibu wote wana simu mkononi, na simu nyingi zinarekodi. Mpaka mtu anapiga 114, zilikuwa zimeshapita kama dakika ishirini tangu moshi uonekane.

Na hata tulipopiga, tukaulizwa tuko wapi. Tukasema, "Mzumbe!" Mzumbe ipi? Kuna chuo, kuna sekondari, kuna vijiji. Mmoja anasema nyuma ya kwa fundi cherehani, mwingine anasema njia ya kisimani. Yaani sisi tunaomwelekeza mteja mpaka mlangoni, siku hiyo tulishindwa kueleza tunapoishi.

Moto ulizimwa na mchanga, blanketi lililolowekwa na ndoo za maji baada ya umeme kukatwa. Gari la Zimamoto lilitoka mjini, likafika sisi tunatoa majivu. Watu wakaanza kuzomea: "Mmekuja kuzima nini? Mnakujaga mkiwa mmechelewa!"

Sasa hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Ile zomeazomea iliniuma kuliko mashuka yaliyoungua, kwa sababu mimi nilikuwa najua ukweli. Sisi ndio tulichelewa.

Piga hesabu kama unavyopiga hesabu ya faida. Kutoka Morogoro mjini mpaka Mzumbe ni kama kilomita 20: unashika barabara ya Iringa, unafika Sangasanga, unakata kuingia ndani. Gari likienda kilomita 60 kwa saa bila kusimama popote, hizo ni dakika 20. Moto wa chumba chenye godoro, mapazia na marobota ya nguo unaweza kushika chumba kizima ndani ya dakika chache tu. Ukiongeza dakika ishirini za kupiga video, hilo gari lingekuwa na mabawa lisingeokoa kitu.

Na wengine mtasema, "Basi kituo kiwe karibu." Nakubali, na nitalirudia. Lakini ukaribu peke yake haukuokoi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Wanaoijua Dar wanajua kituo cha daladala kinachoitwa Fire, pale Barabara ya Morogoro. Kinaitwa hivyo kwa sababu kituo cha Zimamoto kiko hapo, na kutoka pale mpaka Kariakoo unatembea kwa miguu. Bado wafanyabiashara wenzetu walipoteza mitaji. Moto uliokwisha kukomaa hauogopi jirani.

Lawama nyingine tunayoipenda ni ile ya "gari limekuja halina maji." Sisemi haijawahi kutokea. Ila chukulia gari limebeba lita 5,000 na linamwaga lita 500 kwa dakika. Ndani ya dakika kumi limekauka. Watazamaji wanaona halikuja na maji, kumbe limeyamaliza na sasa linatafuta pa kuchota. Pa kuchota ni yale mabomba maalum ya zimamoto barabarani. Kuna sehemu hayapo, na kuna sehemu yapo ila mtu ameweka kibanda juu yake. Na huyo mwenye kibanda ni nani? Ni mfanyabiashara mdogo, mwenzetu.

Sisi watu wa Morogoro tungekuwa wa kwanza kuliheshimu jambo hili. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka eneo la Itigi, pale Msamvu. Watu wakakusanyika, wengine kuchota petroli, wengine kupita tu, wengine kuangalia. Likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wakiwemo bodaboda. Sitaki kuwasema marehemu vibaya, umaskini tunaujua wote. Nachosema ni kwamba moto haukuuliza nani anachota na nani anaangalia. Nilipoona ile video ya chumba changu kwenye stetasi za watu, nikagundua aliyerekodi alisimama hatua tatu kutoka dirishani. Ndani mlikuwa na mtungi wa gesi. Mungu alitusaidia tu.

Kuna upande mwingine pia. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufika. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walipona. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima na baadaye akachukuliwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wavuvi walifika mapema kwa sababu walikuwa pale pale. Na wewe uko pale pale na stoo yako.

Msinielewe vibaya, sisemi serikali ipumzike. Njia ya Iringa inapita malori ya mafuta usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo. Huku ndani kuna chuo, kuna shule, kuna nyumba za kupanga zimebanana. Tuna haki ya kudai kituo cha karibu, magari na mabomba ya maji. Lakini tudai panapohusika. Tangu Sheria ya mwaka 2007, vikosi vya zimamoto vilitoka mikononi mwa halmashauri na kuwa Jeshi moja, lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kumtukana diwani kwenye grupu la WhatsApp hakuleti gari. Lipeleke suala kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, lipande juu kwa barua. Huku tukidai, tujipange. Kudai bila kujipanga ni kusubiri kuungua.

Haya ndiyo niliyobadilisha mimi, na naomba uyaangalie na wewe leo kabla hujalala:

1. Namba 114 iko kwenye simu yangu kwa jina "AA MOTO" ili iwe ya kwanza. Ni bure kupiga. Na usiwaruhusu watoto kuichezea. Zimamoto wenyewe wamelalamika mara nyingi kuhusu simu za utani, na dakika ya utani ni dakika ya mwenzako anayeungua.

2. Nina maelekezo ya nyumba yangu nimeyaandika ukutani: kijiji, kitongoji, alama kubwa iliyo karibu, na njia ambayo gari kubwa linapita. Hapo hapo nimekubaliana na bodaboda wangu wa oda: kukitokea tatizo, yeye anakimbilia Sangasanga kulisubiri gari na kuliongoza.

3. Meni swichi najua ilipo, na wapangaji wote tunajua. Hakuna kabati mbele yake.

4. Ekstensheni haichomekwi kwenye ekstensheni. Pasi na jiko vinaenda kwenye soketi ya ukutani, kimoja kimoja. Umeme ukikatika nachomoa kila kitu kabla sijatoka. Simu haichajiwi juu ya kitanda wala juu ya mzigo.

5. Marobota yamehama. Hayapo tena karibu na soketi, wala hayazibi mlango. Njia ya kutokea naipima kwa mikono miwili iliyonyooshwa.

6. Nimenunua mtungi mdogo wa kuzimia moto, ule wa unga. Wa kwangu ulinigharimu bei ya mashuka mawili. Unakaa karibu na mlango, maana ukiukuta nyuma ya moto hauna faida. Vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, fagia kushoto na kulia. Ujue mtungi mdogo hauna hata nusu dakika, kwa hiyo ni wa moto mdogo tu. Na kila mara angalia mshale uko kwenye kijani.

7. Maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme wala wa mafuta ya kupikia. Sufuria ya mafuta ikishika moto, zima jiko kama mkono unafika, ifunike na mfuniko, iache. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka nje.

8. Moto ukishafika darini, au moshi ukijaa, achana nao. Toka ukiwa umeinama, funga mlango nyuma yako, piga simu ukiwa nje. Moshi unaua kabla moto haujakugusa.

Hiyo namba 8 naomba niirudie kwa sababu ya aibu yangu. Siku ile nilitaka kuingia. Ndani kulikuwa na mzigo wa wateja saba walioshalipa, jumla laki tatu na elfu kumi na mbili, na daftari la oda. Kichwani nilikuwa nawaza tu, wataniita tapeli. Mama wa chapati akanishika kanga kwa nyuma akaniambia, "Mwanangu, deni linalipwa na mtu aliye hai." Nikakaa chini nikalia.

Usiku ule ule niliwatumia wateja wote saba ujumbe, nikawaeleza kilichotokea na tarehe nitakayowarudishia. Wawili walinitukana. Watano walisubiri. Nilimaliza kulipa baada ya miezi minne, na watatu kati yao bado wananunua kwangu. Tangu hapo oda na malipo nayaandika sehemu mbili, kwenye daftari na kwenye simu kwa namna ambayo hata simu ikiungua nitazikuta kwenye akaunti yangu. Hela ya mteja ambaye hajapokea mzigo haiguswi. Na mtaji wako ukishakuwa na uzito, ulizia bima ya moto kwenye kampuni mbili tatu. Soma masharti, hasa kama nyumba ya kuishi inakubalika kuwa stoo.

Mwisho, wakija maofisa wa Zimamoto kukagua au kutoa elimu mtaani, tusifunge milango na kusema wamekuja kula hela. Dai risiti, ni haki yako. Kisha waulize: "Mzigo wangu nikiupanga hivi, nitatokea wapi?" Ukishalipia ukaguzi, na ushauri uchukue.

Gari lile jekundu nataka lije haraka, na nitaendelea kulidai. Ila najua sasa kwamba kabla halijawasha king'ora, kuna dakika ambazo hazina mwenyewe isipokuwa mimi na jirani yangu. Siku ile tulizitumia kupiga video.

Hebu inuka sasa hivi ukaitafute meni swichi ya nyumba yako. Ukiipata andika hapo chini "NIMEIONA". Ukiikosa andika pia, tusaidiane. Na kama una uzoefu wa moto kwenye biashara yako, tuambie, mwenzako atapona kwa hilo.