Mali Bila Daftari



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa zaidi ya miaka 30, kila hazina ya Kenya inapobanwa na madeni, kisu cha bajeti hukimbilia kwa watu wasio na wa kuwasemea: wakutubi, wahifadhi wa nyaraka, wafunga vitabu, na makarani wanaobeba majalada kutoka rafuni hadi kwenye meza ya msomaji. Sisi twasema waziwazi: anayewanyima watu hawa riziki aunyima umma ushahidi.

Mwaka 1993, chini ya shinikizo la wafadhili wa kigeni, serikali ilianzisha mpango wa kupunguza watumishi wa umma. Walioshawishiwa kustaafu mapema walikuwa wa ngazi za chini, daraja A hadi G. Mwaka 2000 maelfu wengine waliachishwa kazi. Katika vitabu vya Hazina, karani ni tarakimu ndogo. Katika ghala la nyaraka, yeye ndiye ajuaye kila kitu kilipo. Akiondoka bila mrithi, jalada halina haja ya kuchomwa moto ili lipotee. Hupotea likiwa papo hapo rafuni.

Sheria ya Nyaraka za Umma ya mwaka 1965 inampa mkurugenzi wa Makavazi ya Kitaifa mamlaka ya kukagua hati za ofisi za umma. Lakini atakagua kwa miguu ya nani, ikiwa hakuna gari, hakuna mafuta, na hakuna mkaguzi? Sheria inaweza kuuawa bila kufutwa bungeni. Yatosha kuinyima watumishi.

Wako watakaouliza: karatasi kuukuu zina faida gani kwa mwenye njaa? Na tuwajibu. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba Uingereza ilikuwa imeficha huko Hanslope Park maelfu ya majalada ya makoloni yake, yakiwamo ya Kenya wakati wa hali ya hatari. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Wazee wetu walikuwa wamesimulia mateso yao kwa miaka mingi, wakapuuzwa; karatasi zilipoungana na sauti zao, Uingereza haikuweza tena kuziba masikio. Mkoloni alizificha hati kwa kuzisafirisha ng'ambo. Je, tofauti yetu naye ni ipi, tukizificha zetu kwa kumnyima mlinzi wake mshahara?

Watetezi wa makato hutuambia kwamba hospitali ni muhimu kuliko maktaba. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini ni ya hila. Dawa za hospitali huibwa na wale wale wanaofurahia kutokuwapo kwa kumbukumbu. Mabilioni ya Goldenberg yalilipwa kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo, na tume iliyoundwa mwaka 2003 ilichunguza wizi huo kwa kupekua hati. Pasipo hati, mwizi ni mheshimiwa daima.

Na maktaba je? Mwaka 1996, Huduma za Maktaba za Kitaifa zilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, ili mtoto wa mfugaji asome. Kazi hiyo haikufanywa na ngamia peke yao; walikuwapo watumishi waliotembea nao juani. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba, lakini jukumu lisilofuatwa na fedha ni mzigo uliotupwa mlangoni pa jirani. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Haki hiyo yahitaji mlango ulio wazi, taa inayowaka, na mtu wa kuuliza.

Ninyi waumini mwalijua jambo hili kuliko wengi. Katika kitabu cha Ezra, kazi ya kujenga upya hekalu iliokolewa pale Dario alipoagiza nyaraka zipekuliwe, na amri ya Koreshi ikapatikana. Fikirini kama pasingalikuwa na mtunzaji! Kila parokia ina daftari la ubatizo na la ndoa. Nani kati yenu angekubali lilowe mvua kwa sababu mwaka huu sadaka ni haba?

Basi twadai haya: kila mhifadhi na mkutubi anayestaafu apate mrithi wa kumfunza kabla hajaondoka, kaunti zipewe fedha za maktaba pamoja na majukumu, na makato ya bajeti yaanzie kwenye safari na magari ya wakubwa. Kifungu cha 201 chataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Mkutano wa bajeti utakapoitishwa katika kaunti yenu, msiuachie madiwani. Nendeni, simameni, mwulize kwa sauti: fungu la maktaba na nyaraka ni kiasi gani, na nani amelipunguza? Kisha liandikeni jibu, mkalihifadhi.