Staa, Chogo la Watu Siyo la Kuchezea Kiki

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, kapita Kibiti akielekea kusini kwenye shoo. Kaingia kibanda cha gemu, kakuta TV ya chogo ina mstari mmoja mweupe katikati. Akaipiga kofi huku anajirekodi, akawaambia mashabiki wafungue wenyewe nyuma, eti ni waya tu. Laiki kibao.

Kaka, tulia. Ule mstari una maana yake: IC inayotanua picha juu na chini haifanyi kazi, mara nyingi risasi yake imepasuka. Cha kwanza ni kupunguza mwanga, maana mstari ukiachwa unawaka unaunguza kioo na kovu haliondoki. Na hilo kofi? Picha ikirudi, ujue kuna risasi imelegea, hujatengeneza kitu.

La kufungua ndiyo limeniudhi. Mle ndani umeme unafika volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki kwenye bomba la kioo hata ukishachomoa waya ukutani. Fundi anajua kuumwaga kwanza. Dogo wa darasa la sita hajui, na ndiye anayekufolo.

Wengine mnasema atupe, anunue flati. Utamnunulia wewe? Tena PS2 kwenye chogo ukibonyeza tu mchezaji kashapiga. Flati nyingi zinachelewa kidogo. Huku delta, upande wa Nyamisati, unyevu na chumvi ndivyo vinavyozimaliza TV. Fundi anasafisha, anachoma risasi upya, jioni madogo wanacheza.

Ifute hiyo klipu, bro. Wadau, mnasemaje?